Felix Jacoby na Tarehe za Athene

Mwaka 1949 ilitoka katika matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford kazi iitwayo *Atthis*, iliyotungwa na Felix Jacoby, mwanachuoni wa Kijerumani ambaye wakati huo alikuwa amekaa katika mji ule miaka kumi kama mkimbizi. Jina hilo ni neno la Kiyunani ambalo watu wa kale walilitumia kwa tarehe yo yote ya nchi ya Attika, yaani mji wa Athene pamoja na mashamba yake. Swali la Jacoby lilikuwa moja: Waathene walizipata wapi habari za mambo yao ya zamani? Je, walikuwa na kitabu cha kale, kilichoandikwa na watu wa ibada mwaka baada ya mwaka, ambacho waandishi wa baadaye walikinakili tu? Au habari zile zilikuwa vinywani mwa watu, katika masimulizi ya nyumba kubwa na mabishano ya barazani, hata alipotokea mtu wa kuziandika? Jawabu lake lilikuwa kwamba kitabu hicho hakikuwapo kamwe. Nakusudia kueleza jinsi alivyolifikia jawabu hilo, na kulipima, kwa sababu swali lenyewe si geni kwetu sisi tunaoshughulika na tarehe za pwani.

Jacoby alizaliwa Magdeburg mwaka 1876 katika jamaa ya Kiyahudi, akafundisha Kiel tangu mwaka 1906. Katika ujana wake alijitia katika kazi ambayo wengi wangeiona kavu, nayo ni hesabu ya miaka: kwanza tarehe ya Apollodorus, iliyotungwa kwa mashairi, kisha jiwe la Paros, ambalo toleo lake alilitoa mwaka 1904. Jiwe hilo liliandikwa mwaka 264 au 263 K.K., nalo lahesabu mambo ya Wayunani tangu Cecrops, mfalme wa kwanza wa Athene katika masimulizi, likitaja kila jambo limetokea miaka mingapi kabla ya siku ya mwandishi. Mtu aliyekwisha kukaa na jiwe kama hilo hawezi tena kuona hesabu ya mwaka kuwa jambo dogo. Kila tarakimu imewekwa na mtu fulani kwa sababu fulani, na kazi ya mchunguzi ni kumtafuta mtu huyo.

Mwaka 1909 Jacoby alichapisha mpango wa mkusanyo mpya wa vipande vya waandishi wote wa tarehe wa Kiyunani ambao vitabu vyao vimepotea. Mkusanyo uliokuwapo, wa Karl Müller, ulitolewa Paris kati ya 1841 na 1870 kwa juzuu tano. Ulikuwa na manufaa mengi, lakini mpangilio wake haukuonyesha jinsi fani moja ya uandishi ilivyozaa nyingine. Jacoby alitaka mpango ufuate fani zenyewe: kwanza nasaba na hadithi za mashujaa, kisha tarehe za mambo ya wakati wa mwandishi, kisha tarehe za miji na mataifa. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1923. Alipokufa Berlin mwaka 1959 hesabu ya waandishi ilikuwa imefika 856, na sehemu mbili za mwisho za mpango wake, ile ya wasifu wa watu na ile ya jiografia, zilikuwa hazijatolewa.

Yafaa nieleze maana ya neno "kipande" katika elimu hii, kwa kuwa laweza kumpoteza msomaji. Si kipande cha karatasi kilichochanika. Aghalabu ni maneno ya mwandishi mmoja yaliyomo ndani ya kitabu cha mwingine: Athenaeus akizungumza juu ya karamu amtaja Philochorus, mtunga kamusi akieleza neno gumu amtaja Androtion, mwandishi wa sherehe pembezoni mwa tamthilia ya Aristophanes amtaja Hellanicus. Basi yule tunayemtafuta hatumwoni ila kwa jicho la mtu wa pili, na mtu huyo wa pili alikuwa na haja zake. Alifupisha, akageuza maneno, na pengine hakukiona kitabu chenyewe bali alinakili kutoka kwa mtu wa tatu. Kiyunani kina njia ya kugeuza sura ya kitendo ili ijulikane kwamba kauli ni ya mwingine, kama vile sisi tulivyo na *kwamba* na *ati*. Lakini njia hizo hutuonyesha mahali kauli ya mwingine inapoanza, na mara nyingi hazituonyeshi mahali inapokoma. Hapo ndipo wachunguzi hugombana. Jacoby alitenga shuhuda zinazoeleza maisha na vitabu vya mwandishi, akazipa herufi T, na maneno yatokayo katika vitabu vyenyewe, akayapa herufi F. Na pale alipoamini kwamba maneno ni ya mwandishi mwenyewe bila kugeuzwa, alizipanua nafasi baina ya herufi ili jicho liyatambue mara moja. Tendo hilo la mpiga chapa laonekana dogo. Kwa kweli ni hukumu, nayo imerudiwa mara elfu kadhaa katika mkusanyo ule.

Sasa nije kwenye Athene. Mwaka 1891 ilichapishwa hati ya mafunjo iliyopatikana Misri na kuwekwa katika jumba la British Museum, yenye kitabu cha Aristotle juu ya katiba ya Waathene, ambacho kilikuwa kimepotea tangu zama za kale. Kitabu hicho chajaa habari za karne za nyuma, pamoja na majina ya maarkoni, yaani wakuu wa mji walioteuliwa kila mwaka na ambao mwaka uliitwa kwa majina yao. Aristotle alizitoa wapi habari hizo, miaka mia mbili na zaidi baada ya mambo kutokea? Ulrich von Wilamowitz-Moellendorff, mkubwa wa wanavyuoni wa Kiyunani wa siku zile, ambaye Jacoby mwenyewe alisoma kwake Berlin, alijibu mwaka 1893 kwamba chini ya yote palikuwa na tarehe ya kale iliyowekwa na wafasiri wa sheria za ibada, ambao Wayunani waliwaita *exegetai*. Hao, alisema, waliandika mwaka baada ya mwaka, na mwishowe maandishi yao yakatangazwa, nao waandishi wa Atthis wakayajaza maneno.

Dhana hiyo ilipendeza kwa sababu ilikuwa na mfano wake Rumi. Cicero atueleza kwamba kuhani mkuu wa Rumi aliandika mambo ya kila mwaka juu ya ubao mweupe, akauweka nyumbani kwake watu wausome, na kwamba desturi hiyo iliendelea hata siku za Publius Mucius, katika karne ya pili K.K. Cato naye, ambaye ndiye wa kwanza kuandika tarehe ya Rumi kwa Kilatini kwa mtindo wa nathari, aliutaja ubao huo kwa dharau: hakuona haja ya kuandika mara ngapi nafaka ilipanda bei, au mara ngapi mwezi au jua lilipatwa. (Waliomtangulia, akiwamo Fabius Pictor, walikuwa wameandika tarehe ya mji wao kwa lugha ya kigeni, Kiyunani, jambo ambalo wanafunzi wetu wangefanya vema kulitafakari.) Basi kama Rumi ilikuwa na ubao wa kuhani, kwa nini Athene isiwe nao?

Jacoby alijibu kwamba Athene si Rumi. Wale wafasiri wa sheria walijulikana, na shughuli zao zilijulikana: utakaso wa mwuaji, mazishi, kafara, mambo ya najisi na halali. Hakuna shahidi ye yote wa zamani asemaye kwamba waliandika matukio ya mji. Tena, lau pangalikuwa na tarehe ya namna hiyo, Herodotus na Thucydides wangalikuwa na haja nayo kuliko mtu ye yote, walakini hakuna hata mmoja wao aitajaye. Hoja ya ukimya ni hoja dhaifu katika mambo mengi. Katika jambo hili naiona ina nguvu, kwa sababu Thucydides alikuwa mtu wa kugombania miaka.

Mfano ulio bora, na ambao Jacoby aliupa kurasa nyingi, ni habari za kuondoshwa kwa watawala wa mabavu. Waathene wengi waliamini kwamba Harmodius na Aristogeiton walimwua mtawala Hipparchus, na kwa tendo hilo wakaupa mji uhuru. Sanamu zao ziliwekwa sokoni, na wazao wao walikula kwa gharama ya mji. Thucydides akasema kwamba watu hawa hawajui tarehe ya mji wao wenyewe. Aliyetawala alikuwa Hippias, ndugu mkubwa. Hipparchus aliuawa mwaka 514 K.K. kwa ugomvi wa mapenzi. Utawala ukaendelea, tena kwa ukali zaidi, hata mwaka 510, wakati Wasparta walipouondosha. Athibitishaje? Hasemi, "Tazameni katika kitabu cha wafasiri." Asema kwamba yeye ameyapokea masimulizi yaliyo sahihi kuliko ya wengine, kisha aonyesha mawe: nguzo iliyosimamishwa juu ya ngome, yenye majina ya watawala hao, ambayo yataja watoto wa Hippias na haitaji mtoto wa ndugu zake, na madhabahu ya Apollo yenye maandishi ambayo, asema, yalikuwa yamefifia lakini bado yasomeka. Jiwe la madhabahu hiyo lilifukuliwa karibu na mto Ilissus mwaka 1877, na herufi zake ni safi; yumkini kilichofifia ni rangi iliyotiwa ndani yake. Mtu huyu mwenye bidii ya kusoma madhabahu iliyofifia angaliiacha tarehe ya kila mwaka, iliyowekwa mjini mwake, bila kuifungua?

Kwa mujibu wa Jacoby, basi, Atthis ya kwanza iliandikwa na mgeni, Hellanicus wa Lesbos, mwishoni mwa karne ya tano K.K., wakati Herodotus alikuwa amekwisha kuonyesha njia. Thucydides amlaumu Hellanicus kwa mambo mawili: aliandika kwa ufupi, na hesabu zake za nyakati hazikuwa sahihi. Hapa lugha yetu yatusaidia kuona jambo ambalo Kiingereza hulificha. Neno letu *tarehe*, kama asili yake ya Kiarabu, lachukua pamoja siku ya mwezi na habari za mambo ya kale. Hellanicus alitaka kuwapa Waathene tarehe kwa maana zote mbili, yaani habari pamoja na miaka yake. Lakini habari zilikuwa nyingi na miaka michache, naye hakuwa na budi kuzigawa habari zisizo na mwaka chini ya majina ya wafalme na maarkoni kwa kukisia. Maarkoni walikuwapo katika orodha. Vipande vya orodha iliyochongwa katika jiwe kama mwaka 425 K.K. vilifukuliwa sokoni Athene na Wamarekani, na kimoja kilichapishwa mwaka 1939. Kina herufi chache tu za kila jina, walakini majina mawili yanayofuatana hayana shaka nyingi: Cleisthenes, kisha Miltiades. Miltiades alikuwa arkoni mwaka 524 K.K.; kwa hiyo Cleisthenes alikuwa arkoni mwaka mmoja kabla yake, chini ya utawala wa Hippias.

Msomaji aliyemsoma Herodotus atashtuka. Cleisthenes ni mkuu wa nyumba ya Waalkmeoni, na Herodotus ameandika kwamba nyumba hiyo iliwachukia watawala wa mabavu na kukaa uhamishoni muda wote wa utawala wao. Ndivyo jamaa hiyo ilivyosimulia baada ya uhuru, naye Herodotus akapokea. Jiwe lasema kwamba mtu wao alishika cheo kikubwa kwa ridhaa ya mtawala yule yule. Twajifunza hapa mambo mawili yanayokwenda pamoja. Orodha ya majina yaweza kuwa ya kweli na kuvunja masimulizi. Lakini orodha haisemi neno juu ya sababu, wala ugomvi, wala nani alimhama nani. Ukiwa na orodha peke yake huna tarehe. Jacoby aliliona hilo vizuri, na ndiyo sababu hakukubali kwamba kuwapo kwa orodha ni dalili ya kuwapo kwa kitabu.

Waandishi waliomfuata Hellanicus walikuwa wenyeji. Androtion alikuwa mwanasiasa, mwanafunzi wa Isocrates; Demosthenes aliandika hotuba ya kumshtaki, nasi tunayo. Yeye aliandika Atthis yake akiwa uhamishoni Megara. Philochorus, aliye mkubwa wao wote, alikuwa mtabiri na mkaguzi wa kafara, naye aliuawa kwa amri ya mfalme Antigonus kwa kushitakiwa kuwa upande wa Ptolemy. Vitabu vyake vilikuwa 17, na vipande vyake vimezidi 200. Hati ya mafunjo yenye sherehe ya Didymus juu ya Demosthenes, iliyochapishwa mwaka 1904, ilitupa maneno yake mengi bila kugeuzwa, na hapo tukaona mtindo wenyewe: jina la arkoni na kitongoji chake, kisha "katika wakati wake", kisha tukio, kwa maneno makavu yasiyo na pambo. Ni mtindo wa karani, walakini aliyeuandika alikuwa mtu aliyekufa kwa ajili ya siasa.

Kutokana na maisha ya watu hawa Jacoby alitoa hoja yake ya pili, nayo ndiyo ninayoiona dhaifu. Alisema kwamba Atthis zilikuwa silaha za vyama: mmoja aliandika kwa ajili ya watu wengi, mwingine kwa ajili ya wenye mali. Ushahidi wake mkubwa ni habari za Solon. Watu wengi wa zamani, Aristotle akiwamo, walisema kwamba Solon alifuta madeni. Plutarch atuambia kwamba Androtion alisema sivyo: Solon aliwapunguzia maskini riba, akakuza vipimo na fedha, nao wakafurahi. Jacoby aliona hapo mkono wa mtu wa mali, asiyetaka jina tukufu la Solon lihusishwe na kufuta madeni. Yawezekana. Lakini tangu miaka ya 1970 Phillip Harding ameonyesha kwamba ukiviweka pamoja vipande vyote vya Androtion huoni chama ndani yake. Vingi vyahusu makabila, mahali, vyeo na miaka. Jacoby aliyajua maisha ya mwandishi kwanza, kisha akayasoma maneno kwa kufuata maisha. Ni njia ya hatari kwa mtu ye yote, na kwa mwenye kukusanya vipande ni ya hatari zaidi, kwa kuwa kipande hakina jirani wa kukisahihisha.

Vilevile amepingwa katika jambo la nani alitangulia. Dionysius wa Halicarnassus aliandika kwamba kabla ya Thucydides palikuwa na waandishi wengi wa tarehe za miji, waliotangaza habari zilizohifadhiwa mahekaluni na kwingineko. Jacoby aliukataa ushahidi huo, akamweka Herodotus kwanza na tarehe za miji baada yake, kama mtoto baada ya baba. Robert Fowler, katika makala ya mwaka 1996, alionyesha kwamba Herodotus alikuwa mmoja kati ya wengi waliofanya uchunguzi wa namna hiyo wakati mmoja. Naona Fowler ana haki. Mti wa nasaba alioupanda Jacoby kwa waandishi ulikuwa umenyooka kupita kiasi. Lakini angalieni kwamba mapingamizi haya hayakirudishi kile kitabu cha wafasiri. Shina la kazi ya mwaka 1949 limesimama.

Nimesema kwamba swali hili si geni kwetu. Habari za Pate zimetufikia katika nakala kadhaa. Stigand alitoa moja kwa Kiingereza mwaka 1913, na Alice Werner akatoa nyingine, pamoja na maneno ya Kiswahili, baada yake kidogo. Na tangu hapo imesimuliwa kwamba palikuwa na kitabu cha asili cha wafalme wa Pate, kilichoteketea Witu wakati Waingereza walipoupiga mji ule kwa mizinga mwaka 1890. Wachunguzi wengi wamefanya kazi kana kwamba nakala zilizopo ni vivuli vya kitabu hicho, na kila zinapohitilafiana wameuliza ni ipi iliyokinakili vibaya. Lakini nakala nyingi zarejea kwa mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhani, aliyeitwa Bwana Kitini, ambaye alizijua habari za jamaa yake na kuwasimulia waliomwuliza. Na Marina Tolmacheva, aliyezitoa nakala hizo pamoja mwaka 1993, amelionyesha hilo kwa kirefu. Mtu akisimulia mara nne kwa watu wanne, hitilafu si makosa ya kalamu. Sisemi kwamba kitabu cha Witu hakikuwapo. Mji wenye maulamaa na washairi kama Pate ulikuwa na vitabu, na moto ulikuwa moto wa kweli. Nasema kwamba kuwapo kwake ni jambo la kuthibitishwa kwa dalili, kama Jacoby alivyodai kwa Athene, na kwamba mhariri anayemsahihisha Bwana Kitini kwa kufuata kitabu asichokiona anafanya kazi ambayo Wilamowitz aliifanya mwaka 1893 kwa elimu kubwa zaidi, naye hakufaulu.

Jambo moja limebaki, nalo lahusu lugha. Jacoby aliondolewa katika kazi ya Kiel mwaka 1935 kwa sababu ya sheria za Wanazi, na mwaka 1939 akahamia Oxford, akiwa amepita miaka 60. Mkusanyo wake ulikuwa ukitolewa Berlin. Tangu mwaka 1940 ulitolewa Leiden. Sherehe za juzuu za awali aliziandika kwa Kijerumani. Alipofika kwa waandishi wa Athene, aliandika sherehe yao kwa Kiingereza, nayo ilitoka mwaka 1954 katika juzuu mbili. Kiingereza chake ni kizito, na sentensi zake zatembea kwa miguu ya Kijerumani. Lakini hakuna anayeweza kuchunguza mambo ya Athene bila kuzipitia. Mwaka 1956 alirudi Berlin. Sehemu ya nne, ambayo hakuiwahi, ilianza kutolewa mwaka 1998 chini ya Guido Schepens na wenziwe, na tangu muongo uliofuata Ian Worthington ameongoza toleo jipya lenye tafsiri za Kiingereza, lililoandikwa na watu wengi mno kwa kazi ambayo mtu mmoja aliibeba. Toleo hilo limezihifadhi hesabu za Jacoby kama zilivyokuwa: Cleidemus ni 323, Androtion 324, Philochorus 328.